Mpira Uliosogea Bangwe

Kwako mchumba wangu, kwa jina lolote unaloitwa sasa,

Ningekuwa na anwani yako nisingekuandikia mbele za watu. Ningeikunja barua hii, nikaitia kwenye bahasha, nikampa mtu wa boti akuletee. Lakini sijui kama uko ng'ambo ya ziwa, au umerudi huko ulikotoka, au uko kambini mwendo mfupi tu kutoka hapa nilipokaa. Sijui hata kama ukiitwa Gervasi utageuka. Kwa hiyo naandika kwa uwazi, asome anayetaka, nikitumaini kwamba mmoja wa wanaosoma ni wewe na kwamba utajitambua.

Siku ya kwanza kukuona ulikuwa unatembea kinyumenyume.

Ulikuwa kwenye kiwanja cha gofu, kwenye ile rasi ya Bangwe, unavuta ubao uliofungwa kamba. Wasomaji ambao hawajafika kwetu niwaeleze. Kiwanja kile kilitengenezwa na wazungu wa reli kabla ya uhuru, juu ya mawe na udongo mwekundu unaoshuka mpaka ziwani. Walipoondoka, mbuzi wakakirithi. Kisha vita vya majirani zetu vikaleta watu kwa maelfu, na watu wakaleta mashirika, na mashirika yakaleta wageni wenye magari meupe, na kati ya wageni hao wakawemo waliokuwa wakiota gofu usingizini. Wakakitafuta kiwanja, wakakipata, wakachomeka upya bendera kwenye mashimo tisa. Nyasi laini haziwezi kuota pale. Hivyo kuzunguka kila shimo waliweka mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ukashindiliwa ukawa mweusi na sawa kama sakafu. Wachezaji wakishapita, lazima mtu avute ubao kufuta nyayo zao na zake mwenyewe, ndiyo maana anarudi nyuma.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na wageni wale walinipa kazi ya ukalimani. Nilisimama nikakutazama. Nikasema moyoni: huyu kijana anafuta alama za miguu yake vizuri mno. Nakumbuka nilijicheka kwa wazo hilo. Sasa silicheki.

Ulipofika ukingoni ulinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," bila hata kuinua kichwa, nami nikakujibu. Ukaniuliza kama mimi ni mwalimu. Nikasema bado. "Basi nitakuita Mwalimu," ukasema, "ili ukiwa mwalimu kweli usione mageni." Hukuacha kuniita hivyo. Usiku ulikuwa unakwenda kuvua dagaa kwa taa ya karabai, mchana unavuta ubao, na katikati hapo sikujua unalala saa ngapi.

Unamkumbuka Baba Mdogo na bendera yake? Ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki, na ndiye alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo mgeni yeyote aliyelala mtaani kwetu alipaswa kumjua. Zile bendera zilimnyima raha. Alisema hakuna mtu mzima mwenye akili anayesafiri kutoka Ulaya kuja kuangusha kitufe ndani ya tundu. Wale ni wapima ardhi. Wanapima kwa mipira ili tusishtuke, na mwisho wa kupima tutaambiwa rasi yote ni kambi, tuhame. Jioni moja akaing'oa bendera ya shimo la nne pamoja na mti wake, akaja nayo nyumbani chini ya kanzu yake ya kulalia, akaificha nyuma ya pipa la mawese la Mama.

"Shemeji, ukiulizwa, hujaona kitu," akamwambia Mama.

"Nimeona mzee mzima kaiba kitambaa," Mama akamjibu. "Hata leso hakitoshi."

Asubuhi ulikuja wewe kuiulizia, na samaki wawili, migebuka, mkononi. Hukumuuliza Baba Mdogo. Ulikaa ukala ugali wa muhogo na sisi, ukasifu mawese ya Mama, ukacheka pale pa kuchekwa, na ulipoaga ukasema taratibu kwamba pipa lile limeota mti. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Tangu siku ile alikupenda. Baba Mdogo alikurudishia bendera, ila tangu siku ile alianza kukuangalia. Mtu anayeona upesi hivyo, aliniambia, amezoea kutafuta au amezoea kutafutwa.

Nami, ambaye nilikupenda haraka zaidi ya Mama, nilianza kukuangalia vilevile. Usinilaumu. Ilikuwa miaka ambayo kila mtu Kigoma alimtazama mwenzake mara mbili. Boti zilifika na watu waliolowa mpaka mabegani. Amri ilikuwa imetoka kwamba kila mkimbizi awe kambini, na sisi Waha, ambao lugha yetu na ya majirani zetu Warundi ni kama mtu na nduguye, tulisimamishwa barabarani tukaulizwa majina ya babu zetu. Wewe ulisema unatoka Kidahwe. Ulisema bibi yako alikulea, akafa, na huna ndugu mwingine.

"Kidahwe ipi, ya juu au ya bondeni?" Baba Mdogo alikuuliza.

"Ya barabarani, mzee. Tuliona magari yote ya Kasulu."

"Na magari yalikuona?"

Tulicheka wote. Lakini niliona umecheka ukiwa umekaa vilevile kama kawaida yako, mgongo ukutani, macho mlangoni.

Nilikuwa na mambo yangu madogo niliyokuwa nayakusanya kimya kimya. Ulikunja shati kama mtu aliyelelewa bwenini. Ulipopiga pasi ya mkaa ulianza na kola. Redio ya ng'ambo ilipokuwa ikisoma habari kwa Kirundi, sisi sote tuliisikiliza kama tunavyosikiliza majirani wakigombana, lakini wewe uliisikiliza kama mtu anayesubiri jina, na ukiona nimekutazama unaizima. Uliponiposa, Baba Mdogo hakukataa. Alisema tu kwamba kabla ya kupokea chochote atakwenda Kidahwe kuwaona watu wako, walau majirani, walau kaburi la bibi. Nawe kila alipopanga ulikuwa na sababu. Mvua. Nyavu. Mzee mmoja wa huko ambaye angekuwepo wiki nyingine.

Nilikupenda na sikukuamini. Watu hudhani mambo hayo mawili hayakai chumba kimoja. Kwangu yalilala mto mmoja.

Halafu ikaja Jumamosi ya mashindano.

Wageni walikuwa wamekuja kutoka kote. Wengine walishuka na ndege ndogo asubuhi ileile, fimbo zao zikiwa kwenye mifuko mirefu ambayo watoto wa Bangwe walidhani ni bunduki. Ilikuwa kiangazi, na upepo wa kutoka Kongo ulikuwa umeamka vibaya. Niliwaona wakijipanga kwa fahari kwenye shimo la kwanza, na nikawaona shimo la pili fahari imekwisha. Mpira uliopigwa kuelekea bendera uliinuka vizuri, ukasimama angani kana kwamba umesahau kitu, ukarudi. Mwingine ulidunda juu ya jiwe ukaangukia ziwani. Viatu vyeupe vikajaa oili. Bwana mmoja aliyesema amecheza viwanja vya pwani huko kwao vyenye upepo wa kung'oa paa alikaa juu ya jiwe akasema niwaambie wenyeji kwamba hiki si kiwanja, ni adhabu. Niliwatafsiria. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akasema, "Mwambie hatukumwita."

Na tena kulikuwa na ile njia. Unaikumbuka. Watu waliotua usiku ufukweni waliikata rasi kwa njia ya miguu iliyopita katikati ya shimo la tano, wakielekea kule wanakoandikishwa. Wachezaji walisimama na fimbo zao wakingoja foleni ipite. Magodoro vichwani, masufuria, mama na watoto wawili mgongoni na kifuani. Foleni ilipokwisha, mmoja akapiga. Wewe uliinamisha uso mpaka wa mwisho alipopita. Nilidhani ni heshima. Baadaye nilifikiri ulikuwa unajificha.

Mchezo ulikuwa wa wawili wawili, na rubani mmoja Mkenya alipungukiwa mtu, kwa sababu mwenzake alikuwa ameshikwa na malaria. Rubani yule alikuwa mtu wa maneno. Akakurushia fimbo.

"Kijana! Wewe unavuta hiyo mbao kila siku. Hebu piga moja tuone. Ukiua mbuzi nitalipa."

Ulitabasamu, ukaishika. Ukaishika vibaya, kama jembe. Nilikuona ukiishika vibaya. Kisha upepo ukavuma, ukatazama juu, vidole vyako vikahama vyenyewe, vikapandana kidole juu ya kidole kama mtu anayefunga kifungo gizani. Sauti ya mpira ule haikuwa kama sauti za asubuhi yote. Ulikwenda chini, chini, umbali wa futi chache tu juu ya nyasi, chini ya upepo, ukalala karibu na bendera.

Rubani akasema, "Wacha!" Kisha akasema, "Huyu ni wangu. Hakuna mtu aguse huyu."

Mlishindana na mzee mmoja Mbelgiji, mnunuzi wa kahawa aliyeishi Bujumbura miaka mingi, pamoja na daktari mwanamke wa kizungu aliyependa kucheka. Nilitembea nanyi kutafsiri. Mbelgiji alikutazama mikono tu. Kwenye shimo la tatu akaniambia kwa Kiingereza, muulize alijifunza wapi. Nikakuuliza.

"Kwa kuangalia," ukasema.

"Anasema kwa kuangalia," nikamwambia.

"Aliangalia vizuri," akasema mzee yule. Akaendelea kutembea, macho mikononi mwako.

Shimo la saba rubani aliupiga mpira wake ukachukuliwa na upepo kuelekea katikati ya ziwa. Akapiga kelele, "Huyo! Amekimbilia Kongo! Watamwandikisha huko, apewe blanketi na mahindi!" Wote walicheka, hata mimi nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Wewe uligeuka ukafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Mpaka shimo la tisa mlikuwa sawasawa kwa mapigo, na katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Chini, penye magari, meza ilikuwa imetandikwa, kikombe kikiwa juu yake, na mpiga picha kutoka mjini ameshafungua miguu ya kamera yake. Mshindi angepigwa picha, na picha ingebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ile ambayo kila aliyevuka ziwa alipita kuandikishwa. Daktari ndiye aliyetuambia, kwa furaha, nami nikakutafsiria. Nakumbuka ulivyoniuliza: "Ukuta wa ndani au wa nje?" Nikasema sijui. Nikaliweka swali hilo pamoja na mengine.

Mpira wako ulikuwa umelala kwenye udongo mgumu ukingoni kabisa, chini yako maji. Wenzako walikuwa wamegeukia upande wa pili wakiutafuta wa rubani kwenye nyasi. Hakuna aliyekuwa anakutazama ila mimi. Ulisimama juu ya mpira, umekunja magoti kidogo, fimbo mkononi. Upepo ukavuma na vumbi lake. Mpira ukasogea. Kidogo tu, kama kope inavyopepesa, ukatulia tena.

Ungenyamaza. Mtu yeyote angenyamaza. Ukainua mkono.

"Umesogea," ukasema. "Nihesabieni moja la kosa."

Rubani akainuka kutoka kwenye nyasi. "Nini? Nani ameona?"

"Mimi."

"Wewe si mtu! Wewe ni mchezaji wangu!" Akanigeukia. "Dada, tafadhali, usitafsiri hiyo."

Nilikuwa nimeshatafsiri. Daktari akaziba mdomo kwa mkono. Mbelgiji akavua kofia yake, upepo ukampeperusha nywele chache alizobaki nazo, na akakaa hivyo, kofia mkononi, mpaka ulipopiga. Mlishindwa kwa pigo hilo moja. Kikombe kilikwenda kwake na kwa daktari, na picha ikawa yao. Rubani alizunguka gari lake akisema na matairi.

Wakati watu wanakunywa soda, Mbelgiji alinijia. Alisema kule Bujumbura kulikuwa na klabu karibu na ziwa, na mwalimu mmoja mkali sana wa mchezo huo. Alifundisha watoto wa aina mbili: watoto wa wakubwa, na vijana waliowabebea mifuko. Wote aliwafundisha kujihesabia makosa yao wenyewe, bila kungoja kuonwa. "Huyu kijana najua alikosimama," akaniambia. "Sijui tu alikuwa upande gani wa mfuko." Kisha akasema afadhali nisikutafsirie hayo. Safari hiyo sikutafsiri.

Jioni nyumbani Baba Mdogo alikuwa ameshasikia yote. Bangwe nzima ilikuwa imeshasikia.

"Nielezeni," alisema, "maana mimi sikusoma. Mtu anatenda kosa. Hakuna aliyeliona. Anainua mkono anasema mimi hapa. Mtu gani huyo?"

"Mwaminifu," Mama akasema.

"Mwaminifu kwa nani? Mtu wa kawaida anakana hata alichoshikwa nacho. Huyu katumwa, shemeji. Kafundishwa mahali. Na huko Kidahwe ya barabarani hatujasikia shule ya kujishtaki."

Akasema Jumatatu anakwenda Kidahwe, iwe mvua iwe jua. Na asipoona huko hata kaburi la huyo bibi, basi yeye ni balozi, jina lako atalipeleka kwa mtendaji, na mtendaji anajua magari ya kambini yanapita siku gani.

Jumapili baada ya misa nilikufuata ufukweni. Ulikuwa unaanika dagaa kwenye mchanga, unawatandaza kwa kiganja kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa. Sikukusalimia. Nilikueleza anachotaka kufanya Baba Mdogo, kisha nikakuuliza lile nililolala nalo.

"Ulikuwa unabeba mfuko, au ulikuwa unabebewa?"

Hukuuliza mfuko gani. Uliendelea kutandaza mpaka mkono wako ukafika mwisho wa mchanga. Kisha ukasema, kwa Kiswahili chako kile kisichokuwa cha mahali popote:

"Upepo ndio uliousogeza, Mwalimu. Lakini nilikuwa nimeshasimama juu yake."

"Sikuulizi habari za mpira."

"Najua."

Nilingoja. Ukachukua kapu jingine, ukaanza kutandaza. Niliondoka nikiwa na hasira, harufu ya dagaa mikononi ingawa sikuwa nimewagusa. Jumatatu Baba Mdogo alikwenda Kidahwe, nawe hukuonekana kwenye boti, wala kwenye mchanga wa oili, wala kwenye chumba ulichopanga. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama cha bwenini.

Sasa nikuambie alichokikuta Baba Mdogo, maana huenda hujui, na nimekibeba peke yangu muda mrefu mno.

Bibi alikuwepo. Kaburi lipo, nyuma ya migomba, kama ulivyosema. Alimlea mjukuu aitwaye Gervasi, mtoto mpole, na Gervasi alipokuwa mkubwa kidogo alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi Bujumbura, kama walivyokwenda wengi. Majirani walisikia amepata kazi kwenye kiwanja cha wakubwa, kubeba vitu. Hawakumwona tena. Baba Mdogo aliwaeleza sura yako. Mmoja akasema ndiye. Mwingine akasema hapana, Gervasi alikuwa mfupi. Mwingine akasema watu hurefuka.

"Kijana yupo," Baba Mdogo aliniambia aliporudi, akiwa amekaa kizingitini kuvua viatu. "Kaburi lipo, jina lipo, kila kitu kipo. Sasa sijui ni nini ambacho hakipo." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia hana uhakika, na aliniogofya kuliko alipokuwa nao.

Unaona uliponiacha. Kama wewe ni Gervasi wa Kidahwe, basi ulikuwa mtu wetu, hukuwa na sababu ya kukimbia, na nimekukosa kwa sababu ya maneno ya mzee mwenye wasiwasi na bendera chini ya kanzu. Lakini kama wewe ni yule mwingine, aliyekuwa akibebewa, basi huenda Gervasi ndiye aliyekubebea mfuko. Ndiye aliyekusimulia, mkitembea shimo hadi shimo, habari za bibi na magari ya Kasulu. Hapo swali langu linabadilika. Haliwi tena wewe ni nani. Linakuwa: yeye yuko wapi? Ulimwona akianguka? Uliomba jina lake, au ulilikuta halina mwenyewe? "Nilikuwa nimeshasimama juu yake," ulisema. Juu ya nini?

Nimeyafikiri haya darasani, maana sasa ni mwalimu kweli, kama ulivyotabiri, na nimeona mageni vilevile. Nimeyafikiri sokoni Ujiji nikichagua nyanya. Wamekuja wanaume wawili kuniposa, watu wazuri, majina yao yako kwenye vitabu vya parokia mpaka kwa babu zao. Mama ananiuliza kwa macho. Siwezi kumjibu mtu mpya kabla sijajua nilikuwa nimemjibu nani mara ya kwanza.

Kwa muda mrefu nilikuwa na kitu kimoja cha kunituliza. Nilijiambia: awe nani, aliinua mkono. Mtu anayejihesabia kosa lisiloonwa na mtu hawezi kuwa mbaya mpaka mwisho. Nilikaa juu ya jambo hilo kama juu ya jiwe.

Kiangazi kilichopita yule daktari alirudi. Nywele zimeanza kuwa nyeupe, kicheko ni kilekile. Aliniomba nitembee naye mashimo machache, kwa ajili ya zamani. Bendera zimechakaa na mchanga hauvutwi tena kama ulivyouvuta wewe. Shimo la tisa, karibu na pale pako, upepo ulivuma akiwa anajiandaa, na mpira wake ukasogea. Nikaona. Naye akaona. Akacheka, akausogelea, akapiga.

"Huhesabu moja?" nikamuuliza.

"Kwa nini nihesabu?" akasema. "Fimbo ilikuwa bado hewani."

Akanieleza pale pale, upepo ukitupiga. Sheria waliyokuwa wakicheza nayo siku zile ilisema hivi: ukishaiweka fimbo chini, nyuma ya mpira, mpira ukisogea kosa ni lako, hata kama ni upepo. Lakini kabla fimbo haijagusa chini, upepo ni upepo tu. Huna deni lolote. Akasema hilo hata mtoto aliyeanza jana analijua, na waliofundishwa na yule mwalimu mkali wa Bujumbura wangelijua wakiwa usingizini.

Gervasi, au wewe usiye Gervasi, mimi nilikuwa nakutazama. Nilikuwa peke yangu kukutazama. Fimbo yako ilikuwa bado hewani.

Kwa nini basi uliinua mkono? Nimepanga majibu nikayapangua. Huenda ulikuwa mbeba mfuko, hukufundishwa sheria zote, uliokota nusu nusu kwa kuangalia, na woga wa mtoto wa watu ulikufanya ulipe zaidi ya unachodaiwa. Jibu hilo nalipenda, ndiyo maana siliamini. Huenda uliogopa picha ile na ukuta ule, ukatafuta njia safi ya kushindwa, na nyota yako ikakuletea upepo. Kama ni hivyo, uaminifu niliokaa juu yake miaka yote ulikuwa ujanja, na rubani alidanganywa, na yule mzee alivua kofia bure. Au huenda mpira haukuwa na maana kabisa. Wewe ulikuwa na hesabu nyingine, ya mahali pengine, ambayo hakuna aliyekuita kuitoa, na siku ile mbele ya maji mkono wako ukachoka kukaa chini.

Lile la mwisho ndilo linaloniamsha usiku.

Kwa hiyo sikuulizi ulitoka wapi. Watu wameulizana hilo vya kutosha kwenye mji huu, na nimesikia majibu ya kweli yakiadhibiwa na ya uongo yakipita. Sikuulizi jina. Sikuombi urudi, Mama ndiye anayeuliza hilo, mimi sijui bado kama ningefungua mlango. Naomba jambo moja dogo, ambalo ukilipeleka kwa mtu yeyote wa boti, hata kwa neno moja tu, litanifikia, maana Bangwe wananijua wote.

Niambie fimbo ilikuwa imegusa chini.

Nilikuwa mbali kidogo. Kulikuwa na vumbi. Jua lilikuwa upande wa maji. Ukisema iligusa, nitayakana macho yangu na kukuamini wewe, na yule mzee atakuwa alivua kofia kwa haki. Ukikaa kimya, nitajua kwamba niliona sawasawa.

Upepo umeanza tena leo. Kutoka hapa dirishani naiona bendera ya tisa inavyolala.

Ni mimi, mchumba wako, ambaye uchumba hajauvunja wala hajaushika.